Kulitafutia Asili Neno Friedhof: Tathmini ya Kamusi ya Mtandaoni ya DWDS

Kila anayejifunza Kijerumani hufundishwa mapema kwamba maneno marefu ya lugha hiyo si ya kuogopwa, kwa sababu yameundwa kwa kuunganisha maneno mafupi, na anayevijua vipande atakijua kizima. Handschuh, yaani glavu, ni kiatu cha mkono. Schildkröte, yaani kobe, ni chura mwenye ngao. Krankenhaus ni nyumba ya wagonjwa, kama ilivyo hospitali. Kanuni hiyo ni ya kweli mara nyingi kiasi kwamba mtu huizoea, na akishaizoea huitumia hata pale isipostahili. Mimi niliitumia kwa neno Friedhof, ambalo maana yake ni mava, mahali pa kuzikia wafu. Friede ni amani, Hof ni ua, basi nikaona hakuna la kuuliza: Friedhof ni ua wa amani, na wafu wamelala humo kwa utulivu. Programu moja ya simu, ya zile zinazomletea mtumiaji neno moja kila asubuhi, ilikuwa imeniambia hivyohivyo, tena ikaongeza picha ya misonobari na sentensi ya kuliwaza. Niliyaweka maelezo hayo katika tanbihi ya tafsiri niliyokuwa nikiiandaa, na mhariri aliyeipitia akaikata tanbihi yote kwa mstari mmoja, kisha akaandika pembeni: «Umeangalia wapi?»

Nilikuwa sijaangalia popote, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye huduma ninayoitathmini hapa. Jina lake kamili ni Digitales Wörterbuch der deutschen Sprache, maana yake Kamusi ya Kidijitali ya Lugha ya Kijerumani, na Wajerumani wenyewe huiita kwa herufi zake nne, DWDS. Inaendeshwa na Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg, inasomwa bure kwenye intaneti, na sehemu kubwa ya yaliyomo haimtaki msomaji ajisajili. Usajili, ambao nao hauna malipo, unahitajika kwa baadhi tu ya hazina za matini, yaani makusanyo ya maandishi halisi, zilizo ndani yake. Tangu siku hiyo nimeitumia karibu kila nilipokutana na neno ambatani la Kijerumani lililonitia shaka, na pia mengi ambayo hayakunitia shaka yoyote, maana nimejifunza kwamba hayo ya pili ndiyo ya hatari zaidi.

Kabla ya kulirudia neno Friedhof ni lazima nieleze huduma hii imejengwa vipi, kwa kuwa anayeifungua kwa mara ya kwanza hudhani anaangalia kamusi moja, kumbe mbele yake kuna kamusi kadhaa zilizopangwa kwenye ukurasa mmoja. Maana za maneno ya leo zilianzia katika kamusi kubwa ya Kijerumani cha wakati huu, ya juzuu 6, iliyokamilishwa huko Berlin Mashariki mwaka 1977 na ambayo wanaleksikografia, yaani watunga kamusi, wa sasa wanaendelea kuihuisha. Sehemu ya asili ya maneno, ile hasa iliyonileta, imetoka katika kamusi ya etimolojia iliyoandaliwa na kundi la watafiti chini ya Wolfgang Pfeifer na kuchapishwa kwa juzuu 3 mwaka 1989. Pfeifer aliendelea kuisahihisha kazi yake kwa miaka mingi baada ya hapo. Kuna pia viungo vya kumpeleka msomaji kwenye kamusi ya ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, na chini kabisa kuna mifano iliyookotwa kutoka magazetini na vitabuni, pamoja na mchoro unaoonyesha jinsi matumizi ya neno yalivyopanda na kushuka tangu karibu mwaka 1600.

Sasa Friedhof. Kitomeo chake, yaani maelezo ya kamusi juu ya neno hilo, katika sehemu ya etimolojia ni kifupi, aya moja tu, lakini ni aya ambayo nimeisoma labda mara ishirini. Kinaanza na maana ya leo, kisha kinaruka moja kwa moja hadi Kijerumani cha Juu cha Kale, hatua ya kwanza ya lugha hiyo iliyoandikwa, ambako neno lilikuwa frīthof na maana yake ilikuwa ua wa mbele wa hekalu au wa kanisa. Hapakuwa na kaburi hata moja katika maana hiyo. Katika Kijerumani cha Juu cha Kati, hatua iliyofuata, neno linaonekana kama vrīthof, na sasa ni ua uliozungushiwa wa kanisa. Na kwa kuwa Wakristo wa enzi hizo waliwazika wafu wao ubavuni mwa kanisa, ua ule ukageuka polepole kuwa mava, na mwishowe maana ya kuzikia ikaifukuza ile ya zamani. Kipande cha kwanza cha neno hakikuwa Friede, amani. Kilitokana na kitenzi frīten, ambacho maana yake ilikuwa kutunza, kuhifadhi, kuepusha na madhara, na ambacho ndugu yake wa Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kijerumani, freidjan, alikuwa na maana ya kuhurumia na kuachilia bila kudhuru. Kwa hiyo frīthof ulikuwa ua uliohifadhiwa, ua uliotengwa na kulindwa.

Hapa ndipo ninapoanza kuisifu huduma hii na kuilaumu kwa wakati mmoja. Sifa ni kwamba ushahidi upo wote. Lawama ni kwamba ushahidi huo umewekwa katika kijistari kimoja kidogo kilicho juu ya herufi i, na hakuna anayemwambia msomaji kwamba kijistari hicho ndicho kinachoamua kesi. Nilihitaji kurejea vitabu vya historia ya lugha ili nielewe. Kijistari kinaonyesha kwamba irabu ilikuwa ndefu, na irabu ndefu ī ya Kijerumani cha kale, kwa kanuni ya sauti isiyo na huruma, iligeuka kuwa ei katika Kijerumani cha sasa: wīn limekuwa Wein, divai, zīt limekuwa Zeit, wakati, mīn limekuwa mein, yangu. Friede, kwa upande wake, lilikuwa fridu, lenye i fupi, na ile i fupi haikugeuka ei bali ilirefuka tu hadi kuwa ie tunayoiandika leo. Ikiwa ni hivyo, frīthof kwa haki yake lilipaswa kuwa Freithof. Na Freithof lipo! Kitomeo chenyewe kinalitaja: ni umbo la lahaja za kusini, na katika Bavaria na Austria halijasahaulika. Kama neno lingeanza maisha yake kwa kuunganisha amani na ua, umbo hilo la kusini lisingekuwa na mahali pa kutokea.

Kwa hiyo Friedhof la Kijerumani sanifu ni neno lililorekebishwa na wasemaji wenyewe. Kitenzi frīten kilikufa, kipande cha kwanza cha neno kikabaki yatima bila maana, na wasemaji, ambao hawapendi kutamka kitu wasichokielewa, wakakiunganisha na neno walilolijua na lililofaa kwa mahali pa wafu. Jambo hili Wajerumani wanaliita Volksetymologie, etimolojia ya umma, na istilahi hiyo yenyewe ni neno ambatani lililopata umaarufu kutokana na makala ya Ernst Förstemann ya mwaka 1852. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka. Kitabu lilikuja kutoka Kiarabu likiwa kitāb, na ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Tuliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukafanya wingi wake kuwa vitabu, na leo hakuna anayeona kosa. Tulilifanyia vivyo hivyo neno kiplefti, la mzunguko wa barabarani, kutoka keep left ya Kiingereza, ambalo wingi wake ni viplefti na ambalo hakuna kamusi itakayoweza kulirudisha lilikotoka.

Kuna jambo moja zaidi katika kitomeo hiki, na ndilo lililonifanya niache kumkasirikia yule mwandishi wa programu ya simu. Ukifuata viungo kutoka Friedhof hadi Friede, na kutoka hapo hadi frei, huru, na Freund, rafiki, unagundua kwamba maneno haya yote yamechipuka kwenye mzizi mmoja wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya kale ya lugha nyingi za Ulaya na India, wenye maana ya kupenda, kutunza na kuhurumia. Frīten naye ni mtoto wa ukoo huohuo. Amani na ua uliohifadhiwa, kumbe, ni binamu. Etimolojia ya umma ilikosea mzazi wa neno lakini haikutoka nje ya ukoo, na huo ni usahihi wa bahati ambao ningeukosa kabisa kama ningeishia kwenye jibu la ndiyo au hapana. Uwezo huu wa kumtoa msomaji kitomeo kimoja na kumpeleka kingine kwa kubofya tu ndio unaoifanya kamusi ya mtandaoni ipite juzuu za karatasi, na katika jambo hili DWDS imefanya kazi nzuri sana.

Ili nisihukumu kwa neno moja, nilizijaribu nguvu zake kwa mengine. Nilianza na Maulwurf, fuko, yule mnyama mchimbaji wa chini ya ardhi. Anayejua vipande atasema Maul ni mdomo wa mnyama na Wurf ni urushaji, kwa hiyo fuko ni mnyama anayerusha udongo kwa mdomo, jambo ambalo aliyewahi kumtazama fuko akifanya kazi atalikataa, kwa sababu mnyama huyo huchimba kwa viganja vyake vya mbele vilivyo kama sepetu. Kamusi inatoa historia ya hatua tatu. Mwanzoni neno lilikuwa mūwerf, mrusha chungu, kutoka neno la kale la chungu au lundo ambalo Kiingereza cha Kale na Kinorwe cha Kale vilikuwa na ndugu zake. Neno hilo la lundo lilipotoweka, watu wakaweka mahali pake molt, udongo, wakapata moltwerf, mrusha udongo, ambalo nalo lilikuwa na akili. Kisha molt naye akafifia katika masikio ya watu, na nafasi yake ikachukuliwa na Maul. Neno moja limetengenezwa upya mara mbili, kila mara na watu waliodhani wanalifafanua, na kila mara likasogea mbali zaidi na mnyama mwenyewe. Kitomeo hiki kimeandikwa vizuri kuliko kile cha Friedhof, kwa kuwa hatua zinafuatana kwa mpangilio na msomaji hahitaji kitabu cha pili.

Hängematte, kitanda cha kamba cha kuning'inia, ndilo lililonishangaza zaidi. Hängen ni kuning'inia na Matte ni mkeka, na hakuna neno ambatani la Kijerumani linaloonekana la Kijerumani zaidi ya hilo. Asili yake ni Karibi. Wataino, wenyeji wa visiwa ambavyo Columbus alifikia, walikiita hamaca. Wahispania wakalichukua neno hilo, Wafaransa wakalipata na kulifanya hamac, Waholanzi wakalisikia kama hangmat, mkeka wa kuning'inia, na Wajerumani wakalitafsiri lile la Kiholanzi kipande kwa kipande. Hapa kanuni ya vipande inatoa maana sahihi kabisa na historia isiyo ya kweli hata kidogo, na kamusi inasema hivyo kwa mistari michache mikavu. Ningependa mistari hiyo ingekuwa mirefu kidogo. Safari ya namna hiyo, kutoka kisiwani hadi Berlin kwa lugha tano, inastahili zaidi ya orodha ya maumbo yaliyotenganishwa kwa mikato.

Kinyume chake ni Sintflut, gharika ya Nuhu. Sehemu ya kwanza, sin-, ilikuwa kiambishi cha kale chenye maana ya daima, kila mahali, kikubwa. Bado kinasikika katika Singrün, jina la mmea usiopukutisha majani. Gharika ilikuwa basi mafuriko makuu yaliyoenea kote. Kiambishi kilipokosa maana, watu walikifanya Sünde, dhambi, na kwa karne nyingi Wajerumani wengi waliandika na kuhubiri kuhusu Sündflut, mafuriko ya dhambi, ambalo kwa mhubiri lilikuwa neno bora kuliko la asili. Lakini umbo la kale halikufa, na leo ndilo lililo sanifu. Nilipozisoma Friedhof na Sintflut siku moja, nilijiuliza kwa nini etimolojia ya umma ishinde mahali pamoja na ishindwe pengine, na hapo nikafika kwenye mpaka wa huduma hii: inaeleza kilichotokea, karne kwa karne, na inapokosa uhakika inaweka neno «labda» bila kuona haya, lakini haijishughulishi na kwa nini. Sioni kuwa ni dosari. Kamusi inayojua mahali pa kunyamaza inaaminika zaidi inaposema.

Lipo kundi jingine la maneno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo hazina halisi ya sehemu hii, nalo ni la maneno ambatani yaliyoacha kuonekana kama maneno ambatani. Welt, dunia, lenye silabi moja, lilikuwa weralt: wer, mwanamume au binadamu, yuleyule aliyebaki katika Werwolf, mtu anayegeuka mbwamwitu, pamoja na alt, umri, zama. Dunia ilikuwa zama za binadamu kabla haijawa mahali. Messer, kisu, lilikuwa mezzisahs, kisu cha chakula, na sehemu yake ya pili, sahs, ni ile iliyowapa Wasaksoni jina lao. Imemomonyoka hadi kubaki -er, ambayo leo inafanana na kiambishi cha kawaida kabisa. Elend, dhiki na ukiwa, lilikuwa elilenti, nchi nyingine. Aliyekuwa katika hali hiyo alikuwa amefukuzwa kwao na anaishi ugenini, na lugha ikaiondoa nchi ikabakiza maumivu. Kinyume cha hayo ni Einöde, nyika, ambalo kila Mjerumani hulisikia kama ein na öde, moja na tupu, lakini ambalo halikuwahi kuwa neno ambatani: lilikuwa einōti, upweke, yaani ein pamoja na kiambishi tamati kilekile kilichozaa Heimat. Anayetegemea jicho lake ataligawa lisilogawika na kulipita lililogawika bila kulitambua.

Nilichokosa katika kuvinjari kwangu ni njia ya kuyapata maneno ya aina hii kwa pamoja. Huduma inamjibu anayejua la kuuliza. Hakuna mlango niliouona wa kuingia na kusema nionyeshwe maneno yote ambayo umma umeyabadilisha umbo. Nimeyakusanya yangu kwa kuokota moja moja, na nusu ya hayo niliyapata kwa bahati nilipokuwa nikitafuta mengine.

Dosari za matumizi zipo, na baadhi ni kubwa kwa msomaji asiye Mjerumani. Maelezo yote yameandikwa kwa Kijerumani, tena Kijerumani cha kitaalamu kilichobanwa kama maandishi ya simu ya upepo. Vifupisho ni vingi: ahd. ni Kijerumani cha Juu cha Kale, mhd. ni cha Kati, ie. ni Kihindi-Kiulaya, na nyota ndogo mbele ya neno inamaanisha kwamba umbo hilo halijaonekana katika andiko lolote bali limekisiwa na wataalamu kwa kulinganisha lugha. Asiyejua maana ya nyota hiyo atanukuu makisio kana kwamba ni ushahidi, na nimeona tanbihi za namna hiyo katika kazi za watu makini. Kwa mtu aliye katika ngazi za mwanzo za Kijerumani, sehemu hii haitamfaa bado. Aanze na sehemu ya maana na sauti za matamshi, ambazo ni rahisi kuelewa, na aje kwenye etimolojia akishaweza kusoma gazeti bila kuchoka.

Ugumu wa pili unatokana na mpangilio aliourithi Pfeifer kutoka kwa kamusi za karatasi. Maneno yenye uhusiano yamewekwa katika kiota kimoja: kidahizo kikuu, yaani neno linaloongoza maelezo, mbele, kisha watoto na wajukuu wake wakifuatana ndani ya aya hiyohiyo. Katika kitabu mpangilio huo uliokoa kurasa, na una faida yake, kwa kuwa msomaji anaiona familia nzima mahali pamoja. Kwenye kioo cha simu, aya ndefu isiyo na mapumziko inamlazimu mtu kuwinda neno lake kati ya maneno kumi. Kwa maneno ambatani tatizo linaongezeka, kwani mengi yamo ndani ya viota vya vipande vyake na si kila moja lina kitomeo cha peke yake.

Tena haiwezekani kila neno ambatani liwe na etimolojia yake, na hilo ni la kueleweka kabla ya kulalamika. Mjerumani huunda maneno ambatani anapozungumza, kama sisi tunavyounda vitenzi kwa viambishi, na mengi hayaishi hata siku moja. Kwa maneno ya kawaida huduma inaweka mstari mmoja unaokitenga kizima katika vipande, na kila kipande ni kiungo. Mstari huo unatosha kwa Krankenhaus. Hautoshi kwa maneno ambayo historia yake si ya sauti bali ya mtu aliyeyabuni. Kindergarten, bustani ya watoto, halina fumbo lolote katika vipande vyake. La maana kujua ni kwamba Friedrich Fröbel alilichagua mwaka 1840 kwa taasisi yake huko Blankenburg, kwa kuwa aliwaona watoto kama mimea inayohitaji mtunza bustani. Fernsprecher, msemaji wa mbali, ni neno ambalo Heinrich von Stephan, mkuu wa posta ya dola ya Kijerumani, alilisukuma katika miaka ya 1870 ili kuliondoa Telephon, na lilidumu katika nyaraka za serikali muda mrefu kuliko katika vinywa vya watu. Kwa maneno kama haya niliona ni bora kuiacha sehemu ya etimolojia na kwenda kwenye hazina ya matini, ambako mtu anaweza kuona neno likitumika mwaka kwa mwaka na kujua lini liliacha kuwa geni. Hazina hizo, nikisema kweli, ndizo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika huduma nzima, na anayekuja kwa etimolojia peke yake ataondoka bila kuziona.

Kiungo cha kamusi ya Grimm kinahitaji neno lake, hasa kwa Friedhof. Ndugu hao walianza kazi hiyo mwaka 1838, sehemu ya kwanza ikachapwa mwaka 1852, na kamusi ilikamilika mwaka 1961, wakati wao wenyewe walikuwa wamekufa karibu miaka mia moja. Wilhelm alimaliza herufi D tu. Jacob alifariki mwaka 1863 akiwa amefika kwenye neno Frucht, tunda. Kwa mpangilio wa alfabeti, Friedhof liko kabla ya hapo, kwa hiyo anayebofya kiungo hicho anasoma mkono wa Jacob mwenyewe katika miaka yake ya mwisho. Maandishi yake yana mazoea ya ajabu kwa jicho la leo: hakupenda herufi kubwa za nomino, ingawa kila mtoto wa Kijerumani hufundishwa kuziandika, na maana za maneno mengi alizitoa kwa Kilatini. Si pa kutafuta jibu la haraka. Lakini mifano yake ya matumizi, aliyoikusanya kutoka kwa washairi, wahubiri na wanasheria wa karne zilizopita, inampa msomaji kile ambacho aya kavu ya Pfeifer haiwezi kumpa, nacho ni sauti ya watu walioishi na neno hilo. Mimi husoma Pfeifer kwanza, kwa sababu taaluma ya sauti imesonga mbele sana tangu 1863, kisha humfungua Grimm kwa ajili ya mifano. Anayefanya kinyume atajaza kichwa chake nadharia zilizokwisha kuachwa.

Mchoro wa matumizi ulinisaidia katika jambo dogo ambalo sikulitarajia. Friedhof si jina pekee la mava kwa Kijerumani. Kuna Kirchhof, ua wa kanisa, na Gottesacker, shamba la Mungu, jina linalokumbusha mava yaliyotengwa nje ya kuta, penye mashamba. Mtafsiri anayetafsiri matini ya karne ya 18 hapaswi kudhani kwamba majina hayo matatu yalikuwa na uzito uleule wakati ule kama leo, na kuyaweka kwenye mchoro mmoja, kisha kuisoma mifano iliyo chini yake, kunamwonyesha kwa dakika chache jambo ambalo zamani lingemgharimu siku nzima maktabani. Namwonya tu kwamba mchoro unahesabu maandishi yaliyokusanywa, na matini za karne za mwanzo ni chache kuliko za sasa. Kilele kimoja cha mwaka 1650 kinaweza kuwa kitabu kimoja cha mahubiri.

Kwa mtafsiri, mwalimu wa Kijerumani na mwanafunzi wa isimu, naipendekeza bila kusita, na bei yake haimpi mtu udhuru. Kwa mwandishi wa habari anayetaka sentensi moja tamu kuhusu neno la Kijerumani, naipendekeza kwa sharti kwamba asome kitomeo hadi mwisho, kwa kuwa mara nyingi neno «labda» liko katika mstari wa mwisho. Chini ya kila kitomeo kuna nukuu iliyokwisha kuandaliwa, pamoja na anwani na tarehe ya kusomwa, ambayo mtu anaweza kuinakili jinsi ilivyo.

Niliinakili ile ya Friedhof na kuiweka katika tanbihi mpya, fupi kuliko ya kwanza, yenye Freithof na kijistari juu ya i. Mhariri aliiacha. Pembeni aliandika tu kwamba kijistari hicho kiangaliwe kabla ya kwenda mtamboni, kwa sababu wapiga chapa wana tabia ya kukidondosha.